Viazi Visivyochimbwa

Alhamisi, Nakivale, makazi ya wakimbizi, Uganda. Jua limechoma tangu asubuhi na upepo unamwaga vumbi la barabara hadi ndani ya sufuria. Nina hasira ya siku nne. Leo naitoa yote hapa kwenye ukurasa wangu, kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia "tulia, dada".

Nianze na watu ninaowadharau. Ni wengi, nitaanza na wachoraji wa ramani.

Kwa asiyejua: iko ramani moja kwenye mtandao ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora. Yeyote, sitanii. Mwanafunzi yuko kwao Ulaya na kahawa yake, anafungua picha iliyopigwa na setilaiti, anaona paa, anazungushia mstari, anaandika "nyumba", anasonga mbele. Hajakanyaga tope letu hata siku moja. Hajui kwamba ile turubai nyeupe aliyoiita nyumba ni mahindi ya mtu yameanikwa juani. Kuna wakati kijiji chetu kilikuwa na nyumba nyingi kwenye ramani kuliko familia zilizopo, na wageni wakaja kutuuliza hao wengine wamekwenda wapi. Wamesagwa, tukawaambia. Tumekula ugali wao.

Na sisi wa hapa hapa je? Afadhali ninyamaze, lakini sinyamazi. Kuna baba mmoja mwenye baa ambaye aliiandika baa yake "kituo cha afya" ili madereva wa mashirika wapite mlangoni kwake. Walipita kweli, na wengine walikaa. Kuna mchungaji aliyelipatia kanisa lake nyota tano mara nne, kwa simu nne, na zote nne aliandika neno "upako". Mtu mwingine alikipa nyota mbili choo cha pale tunapogawiwa chakula. Maoni yake: "Harufu ni kali ila foleni inaenda." Huyo angalau alikuwa mkweli.

Wataalamu nao nimewachoka. Zamani ramani ilikuwa kitu cha ofisini. Ilikuwa na jina refu, mifumo ya taarifa za kijiografia, na ilikaa ndani ya kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa, kwenye chumba ambacho ufunguo wake ulikuwa kwa mtu mmoja. Ukitaka kukiona kijiji chako unaandika barua. Barua inajibiwa ukiwa umeshahama. Ilipokuja hii ramani ya watu wote tulimcheka sana yule mwenye ufunguo. Tulidhani tumeshinda. Hatukujua kwamba naye atagundua raha yake: siku hizi ofisi hazipimi tena. Zinapakua.

Mimi kazi yangu ni kufundisha vijana wa hapa kuchora. Tunazunguka na simu mkononi, tunaweka visima, tunaweka njia za mvua, tunamuuliza mwenye duka duka lake linaitwaje. Nimekuwa nikiwaambia vijana wangu kila wiki, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba asiyetembea asichore. Nilikuwa naipenda sana sentensi hiyo.

Jumatatu asubuhi Mama Riziki alikuja kunigongea. Ni jirani yangu, mama wa huko Uvira, Kongo, mtu wa jembe, hana simu wala haitaki. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kanga yake imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda ugomvini.

"Mwanangu, kuya uone," akasema. "Banasimika miti juu ya batoto betu."

Hapo lazima nieleze kidogo, vinginevyo hamtaelewa.

Nyuma ya kijiji chetu kuna mteremko tunaozikia watu wetu. Wakongomani wamo, Warundi wamo. Hakuna saruji pale, hakuna jiwe lililoandikwa. Tulianza na misalaba ya miti kama Wakristo wote, lakini mchwa wa Nakivale hawana dini, na miti ambayo mchwa hawakuila ilichukuliwa na watu wasio na kuni. Mvua nayo ilikuwa inasawazisha udongo. Baada ya misimu miwili hujui tena mtu yuko wapi. Ndipo wamama wakatafuta dawa yao. Matanga yakiisha, kesho yake asubuhi, wanachukua marando ya viazi vitamu na kuyapanda juu ya tuta la kaburi. Yanatambaa, yanashika udongo, mvua haiubebi tena. Mwanzoni wale Warundi walitucheka kwamba tunawalimia maiti, halafu wakaanza kupanda na wao.

Vile viazi havichimbwi. Hata matembele, yale majani yake, hayachumwi, hata mwaka ule mgao ulipopunguzwa na watu wakawa wanakula mara moja kwa siku. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Mtoto wa hapa anaijua kabla hajajua kuhesabu, na mpita njia anaona shamba la viazi lililotunzwa.

Basi Jumatatu nilimfuata Mama Riziki hadi kule. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, kila kimoja na namba yake, vimenyooka mstari kwa mstari juu ya makaburi. Viwanja. Vya kugawiwa watu waliofika juzi kutoka Kongo, ambao bado wanalala kwa mamia kwenye ukumbi wa mapokezi. Vijana wawili wa mradi wa kugawa viwanja hivyo walikuwa wanakunja kamba yao. Wakatuambia kwa upole kabisa kwamba Jumatatu ijayo watu wataanza kuchimba, kwanza vyoo, halafu misingi.

Vyoo.

Mama Riziki hakulia. Alikwenda akasimama juu ya tuta moja dogo, mahali alipolala kitinda mimba wake, na kutoka pale hakusogea. Kigingi kilikuwa karibu na mguu wake. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilidai karatasi, wakanionyesha. Ramani safi, ina rangi, ina mhuri, na mteremko wetu wote umepakwa kijani na kuandikwa "shamba". Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta na miwani, imeandikwa kwamba msingi wa ramani hiyo umetoka kwenye ile ramani ya bure ya mtandaoni.

Nilielewa pale pale. Nilimwona hadi sura: kijana mmoja wa mbali, kikombe kushoto, kipanya kulia, anaona matuta yenye majani, anabonyeza "shamba". Nilimchukia mtu huyo kwa moyo wangu wote. Yaani bibi zetu, watoto wetu, mama yangu mzazi, wote mstari mmoja wa kijani.

Ndiyo, na mama yangu yuko pale. Alifariki mwaka juzi, ugonjwa wa moyo, akiwa anamenya ndizi.

Kabla hatujaondoka nikamwona mwanamume mmoja amekaa pembeni na jembe jipya, la kugawiwa. Alikuwa mwenye kiwanja, mmoja wa wale waliofika, mtu wa huko Fizi. Nikamuuliza kwa ukali kama haoni anakaa wapi. Akajibu taratibu, bila kuniangalia.

"Niliona kipande ya musalaba. Nilinyamaza. Niko na batoto batano, dada. Nimelala fasi mubaya kupita hapa." Halafu akaongeza, kama mtu anayetaka kumaliza yote kwa mara moja, kwamba jana mke wake alichuma matembele pale wakapika.

Nilifungua mdomo nimtukane. Mama Riziki akaniwahi.

"Mulipata mawese ya kupikia?" akamuuliza.

Akasema hapana. Jioni ile Mama Riziki alituma chupa ya mawese kwa mke wa yule mtu. Mpaka leo sijui nifikirie nini kuhusu jambo hilo. Mimi ningemtumia laana.

Mimi nilituma kitu kingine. Jumanne nilikaa na simu nikaandika maneno marefu kwenye lile kundi kubwa la wachoraji wa ramani, la nchi zote. Niliwaita watalii wasionunua hata maji. Niliwaambia wanaitafuna ardhi yetu kwa vidole vyao laini. Nilimalizia na ile sentensi yangu, asiyetembea asichore. Ilipata mioyo mingi. Niliihesabu, sioni aibu kusema, nilikuwa nainuka kwenye kiti naenda kukoroga uji kisha narudi kuangalia imefika mingapi.

Jana Jumatano nikapanda gari la Mbarara.

Ofisi iliyochora vile viwanja iko mtaa wa Kamukuzi, huko huko mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya shule. Ni kampuni ndogo iliyopewa kazi na mradi, sitaitaja, haina umuhimu. Nilipokelewa na Bwana Tumwesigye, Mnyankole mmoja mtulivu, shati limepigwa pasi vizuri mno, mtu aliyesomea ramani chuo kikuu wakati ramani ilikuwa bado inasomewa. Ukutani alikuwa ametundika ramani za zamani, zile za kuchapwa, na akaniona nikizitazama.

"Hiyo ilikuwa kazi," akasema. "Watu natembea na miguu, napima. Sasa hapana. Nyabo, mama, kupima iko ghali, mradi hapana lipa hiyo. Ramani iko, watu wenu nachora bure. Sisi natoa kwa mtandao, naweka plani juu."

Nikamwambia kwamba ile ramani imechorwa na wajinga. Nikamweleza kuhusu makaburi, viazi, kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na nilisema vizuri, nikijisikia. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alishtuka kwa kweli, nilimwona akivua miwani. Halafu akageuza kompyuta tuione wote wawili, akatafuta mteremko wetu kwenye ile ramani ya mtandaoni, akabonyeza lile umbo la kijani.

"Hii kitu iko na historia," akasema. "Mtu hapana jificha. Ngoja tuone nani naharibu."

Ni kweli, hilo ndilo jambo moja ambalo ramani ya ufunguo haikuwa nalo. Kila mstari unabaki na jina la aliyeuchora, na siku, na maneno aliyoyaacha. Bwana Tumwesigye akasoma pole pole, anasogeza kidole kwenye kioo.

"Malkia Ramani."

Nikaanza kutafuta kitu mkobani.

"Huyu si muzungu," akasema. "Hiyo jina iko ya hapa. Na angalia ameandika nini: 'Rahisi tu.' Wewe najua yeye?"

Nikasema simjui.

Nitaandika tena ili nisijidanganye kesho. Nikasema simjui.

Malkia Ramani ni mimi. Lilikuwa jina langu la kwanza kwenye ile ramani, kabla sijawa mwalimu wa watu na kuchukua jina la heshima. Kulikuwa na shindano, hapo hapo Mbarara, kwenye ukumbi wa hoteli, na sambusa na soda. Anayechora vitu vingi zaidi kwa siku moja anapata fulana na kifaa cha kuchajia simu. Niliwashinda wote. Nilikuwa nimeshaishi Nakivale miaka mingi, lakini upande mwingine, kule Juru, na kijiji hiki nilikuwa sijakijua. Nikaona matuta, nikaona majani, nikabonyeza. Nikaandika rahisi tu. Nadhani haikuchukua muda wa kumeza tonge.

Baadaye nikahamia hapa na mama. Mama akafa, tukamzika ndani ya umbo langu. Na katika siku zote hizo, na mimi ndiye wa kuwafundisha wengine, sikuwahi hata mara moja kufungua ramani kuangalia pale pameandikwa nini.

Kumbe yule kijana wa mbali mwenye kahawa alikuwa mimi, na kikombe changu kilikuwa cha soda.

Bwana Tumwesigye hakuniuliza zaidi. Alinieleza kwamba kwenye kompyuta ni jambo dogo, lakini karatasi imeshatiwa mhuri na kugawiwa, na karatasi inahitaji karatasi. Nilete orodha ya waliozikwa pale, na mahali pa kila mmoja, imesainiwa na mwenyekiti wa kijiji, kabla ya Jumatatu. Akiipata, atasimamisha na kusogeza viwanja upande wa pili wa barabara, nafasi iko. Asipoipata, vigingi vinabaki. "Mimi naamini wewe," akasema kwa huzuni. "Lakini mradi hapana nunua imani."

Nilishuka ngazi nikaketi kwenye kibaraza cha lile duka la vifaa vya shule na kurekebisha ramani kwa simu. Nilifuta shamba, nikaandika makaburi. Dakika mbili. Hata nusu saa haikupita, ujumbe ukaingia. Mchoraji mmoja wa mbali, mmoja wa wale ambao jina lao unaliona kwenye mabadiliko ya nusu ya Afrika, anaandika kwa adabu ya kukata na shoka kwamba picha ya setilaiti inaonyesha kilimo, na je, chanzo changu cha taarifa ni nini.

Chanzo changu.

Nilikaa na lile neno pale kibarazani, wanafunzi wananiruka miguu kwenda kununua madaftari. Nikaandika matusi, nikafuta. Nikaandika: "Nimemzika mama yangu humo."

Alijibu haraka. Alisema pole, kwa maneno machache, bila maua. Akaniambia ameiweka sehemu ile alama ili mtu mwingine asiibadilishe bila kuniuliza mimi kwanza, na kwamba viazi juu ya makaburi hakuwa amewahi kusikia na ameshukuru kujua. Basi. Nilitaka sana kumdharau na nikashindwa, na kushindwa huko kuliniuma kuliko kila kitu cha siku ile. Nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu wa kumdharau, na huyo nilipanda naye gari kurudi.

Leo tumekwenda mteremkoni.

Mama Riziki aliwaita wamama tangu saa moja. Walikuja wengi, Wakongomani na Warundi, wengine na watoto mgongoni, wengine na jembe kana kwamba wanakwenda shamba kweli. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mama anasimama kwenye tuta lake, anataja jina, mimi nasimama pale pale, simu inachukua alama, jina naliandika kwenye karatasi. Kwenye mtandao haendi mtu yeyote kwa jina, hilo niliwaahidi. Alama tu.

Nilidhani tutabishana. Misalaba hakuna, mipaka hakuna, marando ya huyu yameingia kwa yule. Hawakubishana hata mara moja. Walitembea katikati ya yale majani kama watu wanaopita ndani ya nyumba zao. Huyu ni mume wangu, aligongwa na lori. Hapa ni pacha, wote wawili, tuliwaweka pamoja. Huyu hatukujua jina lake, alifika mgonjwa akafa siku ya pili, mwandike Mugeni. Mama mmoja Mrundi alinikemea kwa sababu nilikuwa nimesimama miguuni badala ya kichwani. Akaninyanyua kwa bega akanisogeza hatua mbili. "Hapo," akasema. Nilifuta alama nikaichukua upya.

Yule baba wa Fizi alikuwepo. Alikuja na watoto wake wawili wakubwa wakawa wanang'oa vigingi pale tulipopita, wanavipanga pembeni vizuri bila kuvivunja, kwa sababu anajua vitahitajika upande wa pili. Nilipompita aliniamkia. Nilimwitikia. Sikuwa na ukali wowote uliobaki wa kumpa.

Tulifika sehemu ya juu, karibu na kichuguu, wanakolala wa miaka ya karibuni. Wamama wakaanza kunitazama mimi. Ilikuwa zamu yangu.

Nilijua ni pale. Nilikumbuka kichuguu. Nilikumbuka mvua, na viatu vya watu, na mikono iliyonishika kushoto na kulia siku ile nisianguke. Lakini kulikuwa na matuta mawili, yanalingana, majani yamejaa sawa. Nikaenda kwenye la kwanza. Nikarudi kwenye la pili. Simu ilikuwa mkononi, inaonyesha nilipo kwa usahihi wa hatua chache, kile kidoti cha buluu kinapumua, na mimi sijui mama yangu ni yupi.

Tangu matanga nilikuwa nimekuja mara mbili. Labda moja. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na semina, nilikuwa nafundisha watu kutembea.

Mama Riziki alinishika mkono akanipeleka kwenye la pili.

"Hapa njo fasi yake," akasema. "Mi njo namupandiaka biazi. Ulizania binaota byenyewe?"

Nilisimama kichwani, si miguuni. Nikachukua alama. Kuandika jina kwenye karatasi kalamu ilikataa, kwa sababu ya jasho au kwa sababu nyingine, ikabidi nipige goti niandikie juu ya paja.

Hapo hapo nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia ile ramani haikuchorwa na mzungu, niliichora mimi, siku moja, kwa ajili ya fulana, na jana nimemdanganya mtu wa Kamukuzi. Nilisema kwa sauti, wamama wote walisikia. Mmoja akaguna. Mwingine akanigeuzia mgongo na mpaka tunamaliza hajaniangalia, na ana haki yake.

Mama Riziki alikuwa ameshaanza kung'oa magugu kwenye tuta la mama.

"Ile siku," akaniuliza, "we uliona nini?"

Nikamwambia niliona shamba. Shamba la viazi, limetunzwa.

Akatazama mteremko mzima, tuta kwa tuta, kama mtu anayekagua kazi yake.

"Basi tulipanda muzuri," akasema, akainama kuendelea na palizi.

Sasa ni saa kumi jioni. Mwenyekiti amesaini, amepiga na mhuri, ingawa alichukua muda kusoma kila jina na mara mbili alisimama akavua kofia. Yale maneno yangu ya Jumanne kwenye kundi la wachoraji bado yapo na bado yanapata mioyo. Nimeandika chini yake jina la Malkia Ramani na kwamba ndiye mimi. Watu wameanza kuiondoa mioyo yao. Waiondoe.

Sijawa mtu mwema kwa siku moja, msidhani. Bado nawadharau wenye ofisi wanaopakua bila kuuliza, na yule mchungaji wa nyota tano, na semina zote zenye sambusa. Ramani ya watu wote bado ni soko lisilo na mlinzi. Lakini mwenye ufunguo wa zamani asingeniambia nani alimkosea mama yangu. Hii imeniambia, kwa jina, mbele ya mtu.

Kesho gari la Mbarara linaondoka alfajiri. Orodha iko kwenye mkoba, nimeifunga ndani ya plastiki. Sijui kama Bwana Tumwesigye ataisoma yote au ataangalia mhuri tu aweke pembeni. Nitamwomba aketi. Nitamwambia kwanza kwamba namjua yule aliyechora, halafu nitamsomea mwenyewe, jina kwa jina, pole pole, na wakati anafuata kwa kidole kwenye kioo nitamwonyesha kila mtu kichwa chake kiko upande gani.